Wembe Mpya na Hukumu Yake: Chuma na Makali katika Pwani ya Afungi

Katika vyombo vyote vitokavyo katika kiwanda cha mhunzi, wembe ni mmojawapo wa vile vidogo kabisa, nao ni mgumu kuliko vyote kuuhukumu. Jembe likiwa na kasoro, mkulima huvumilia mpaka msimu uishe. Shoka likiwa na kasoro, mti huchelewa kuanguka, basi. Lakini wembe wenye kasoro hujulikana papo hapo, na wa kwanza kujua si mfuaji wala mnunuzi, bali ni yule aliyeinamisha kichwa. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wembe uliofuliwa kwa mkono unavyojaribiwa na kuamuliwa, na kwa njia hiyo kuitazama historia ya chuma katika pwani yetu, hasa katika upande wa kusini ambao vitabu vyetu vya shule huutaja kwa nadra.

Upande huo ni rasi ya Afungi, wilayani Palma, kaskazini mwa Cabo Delgado katika nchi ya Msumbiji. Rasi hii imelala kusini mwa ghuba ya Tungi, si mbali na mdomo wa mto Ruvuma. Wenyeji wa pwani hiyo husema Kimakwe na Kimwani. Bara yao ni uwanda wa juu wa Wamakonde. Na Kiswahili kimetumika huko tangu zamani katika biashara na katika chuo cha Kurani. Tumepachagua mahali hapa kwa sababu msomaji wa Mtwara au Kilwa akifika hatajiona mgeni sana, na kwa sababu watu wake wamepata kuonja makali ya kila namna, ya chuma na ya historia.

Jina la kitu

Sisi walimu wa lugha yafaa tuanze na neno. Jembe na wembe ni ndugu. Ukiondoa viambishi vya ngeli, mashina yake yafanana, na undugu huo huonekana wazi zaidi katika lugha za jirani: Msukuma huliita jembe igembe, na wembe huuita lugembe. Ngeli moja imebeba kitu kizito na kipana. Ngeli nyingine imebeba kitu chembamba. Wazee waliotuachia lugha waliona chuma kile kile kikifanya kazi mbili zilizo mbali sana, moja ya kupasua ardhi na moja ya kupita juu ya utosi wa mtoto bila kuacha alama.

Lugha yetu pia haikuridhika na neno moja kwa chuma chenyewe. Chuma laini kipindikacho ni chuma tu. Kilicho kigumu, kinachoshika makali, ni pua. Kilicho bora zaidi kiliitwa feleji au felegi. Ndiyo maana kamusi za karne ya 19 zikautaja upanga wa felegi, yaani ule mrefu ulionyooka wenye makali pande mbili. Wanafunzi wetu wengi leo wakisikia neno pua hufikiri kiungo cha uso peke yake. Hasara hiyo si ya msamiati tu. Asiyekuwa na neno la kutenga chuma na pua hawezi kueleza kwa nini wembe mmoja hukata na mwingine huchuna.

Chuma cha pwani na sifa zake

Habari za maandishi juu ya chuma katika pwani hii ni za kale. Kitabu cha mabaharia kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza baada ya Kristo, chataja mikuki iliyotengenezwa Muza, katika nchi ya Yemeni, ikiletwa Rhapta pamoja na mashoka, visu vidogo na sindano za kutobolea. Hapo twamwona mwenyeji akinunua chuma kutoka nje. Lakini al-Masudi, aliyesafiri pwani hii katika karne ya 10, aliwaona Wazanji wakijipamba kwa chuma mahali pa dhahabu na fedha. Naye al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake huko Sicilia mwaka 1154, akaandika kwamba Malindi ina machimbo ya chuma, na kwamba chuma cha Sofala huchukuliwa mpaka Bara Hindi na kufuliwa huko panga zilizo bora. Al-Idrisi hakufika kwetu. Aliandika kwa kusikia. Hata hivyo yafaa tuone kwamba katika karne hiyo sifa ya chuma cha Afrika ya Mashariki ilikuwa imefika hata kwa mtu aliyeketi Ulaya.

Uchunguzi wa siku za karibuni umeipa sifa hiyo uzito. Katika miaka ya 1990 mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba na wenzake walichunguza vipande vya chuma kutoka magofu ya Waswahili katika pwani ya Kenya, wakaonyesha kwamba mafundi wa hapo walijua kufua pua, si chuma laini peke yake. Kabla ya hapo, mwaka 1978, Peter Schmidt na Donald Avery walikuwa wametangaza matokeo ya utafiti wao kwa Wahaya wa magharibi ya Ziwa Viktoria. Wazee ambao walikuwa wameacha kuyeyusha chuma kwa miaka mingi walijenga tena tanuri mbele ya wageni hao, na tanuri ikatoa chuma chenye kaboni ya kutosha kuitwa pua. Wataalamu wengine walibishana nao juu ya kadiri ya joto la tanuri hizo, lakini ufundi wenyewe haukukanushwa.

Huko Ulaya nako, mwishoni mwa karne ya 18, watu walikuwa wakishangazwa na pua ya Bara Hindi iliyoitwa wootz. Mwaka 1795 George Pearson aliisomea taarifa Jumuiya ya Kifalme ya London. Mfua visu James Stodart aliijaribu kwa mikono yake, na baadaye, kuanzia 1818 hivi, akashirikiana na Michael Faraday, ambaye wanafunzi wetu humjua kwa umeme tu, kuchanganya pua na madini mengine ili kupata pua iliyo bora zaidi. Katika vitu walivyovitengeneza kwa pua hizo mpya zilikuwamo nyembe, na Faraday aliwatunukia rafiki zake baadhi yake. Tunalitaja jambo hili kwa sababu moja: mtaalamu mkubwa wa karne yake alipotaka kujua kama pua yake ni njema, alikubali iamuliwe mashavuni mwa watu.

Ufuaji

Wembe hutaka pua yenye kaboni kiasi cha sehemu moja katika mia. Zamani mhunzi aliipata kwa kuchagua: aliuvunja mkate wa chuma uliotoka tanurini, akatazama punje za ndani, akatenga kilicho laini kwa majembe na kilicho kigumu kwa makali. Baada ya chuma cha Ulaya kujaa katika bandari zetu katika karne ya 19 na ya 20, tanuri za kuyeyushia zilizimika moja baada ya nyingine, kwa kuwa chuma kilichokwisha kutengenezwa kilikuwa rahisi kuliko kazi ya kuchimba, kukata makaa na kuvukuta usiku kucha. Kuyeyusha kukafa, kufua kukabaki. Mhunzi akawa mtu wa chuma chakavu, na jicho lake la kuchagua likahamia kwenye lundo la takataka. Springi ya gari ilifaa kwa panga na visu. Tupa kuukuu ilifaa zaidi kwa wembe, maana tupa hutengenezwa kwa pua ngumu sana.

Kazi yenyewe ni fupi kuitaja na ndefu kuitenda. Chuma hupashwa moto, hufuliwa juu ya fuawe mpaka mgongo ubaki mnene na upande wa makali uwe mwembamba. Kisha hupashwa tena mpaka kiive wekundu wa tunda, na papo hapo huzamishwa katika maji au mafuta. Sasa ni kigumu kama kioo, na kama kioo huvunjika upesi. Kwa hiyo mhunzi hukisugua king'ae, akakirudisha karibu na moto taratibu, akitazama rangi inayotambaa usoni mwake. Ikifika manjano hafifu, kama nyasi iliyokauka, hukiondoa. Akichelewa rangi ikawa ya hudhurungi na kisha ya buluu, amepata kisu, hakupata wembe. Muda wa uamuzi huo ni mfupi sana, na hakuna kipimo ila jicho.

Majaribio

Wembe mpya ukisha kunolewa juu ya kinoo na kusuguliwa juu ya ukanda wa ngozi, huanza safari ya kujaribiwa. Njia zake hujulikana kwa wafuaji na vinyozi wa nchi nyingi, nazo hufuatana kwa mpango, kutoka iliyo nyepesi mpaka iliyo nzito.

La kwanza ni jicho. Makali huelekezwa kwenye mwanga. Makali yaliyo sawa hayaonekani. Panapometameta ndipo penye ubutu au pengo. Mgongo nao hutazamwa kwa urefu kama umenyooka, kwa sababu wembe uliopinda hauwezi kulala sawa juu ya kinoo, na kinoo hakitaugusa kote.

La pili ni sikio. Bapa hugongwa kwa ukucha. Chuma kizima hulia kwa sauti safi inayokawia. Chenye ufa hutoa sauti fupi iliyokufa.

La tatu ni ukucha wa kidole gumba uliolowanishwa maji. Makali huvutwa juu yake bila kukandamizwa. Yakiteleza, ni butu. Yakishika na kuachia kwa vishindo, yana mapengo. Yakizama kidogo na kwenda kwa ulaini toka mwanzo hata mwisho, yamefaulu.

La nne ni unywele mmoja, unaoshikwa ncha moja na kuachwa uning'inie. Ukigusa makali ukakatika bila kusukumwa, watazamaji hufurahi. La tano ni nywele za mkono, zinyolewe kavu, na ngozi isibaki na wekundu.

Mnunuzi mgeni huishia hapa, naye mara nyingi hudanganyika. Kinoo kikipita juu ya pua huacha ukingoni unyuzi mwembamba wa chuma uliokunjika, ambao macho hayauoni. Unyuzi huo hukata kwa ukali wa ajabu. Hupita jaribio la unywele, hupita la mkono, na wembe husifiwa. Kisha katika kunyoa kichwa cha kwanza unyuzi hukatika au hulala upande, na makali yote huondoka nao. Kwa hiyo fundi aliyezoea husema kidogo siku ya kwanza. Huuacha wembe unyoe kichwa kimoja, cha pili na cha tatu, ndipo atoe neno. Makali yakimeguka vipande, chuma kilizimwa kigumu mno na hakikurudishwa motoni vya kutosha. Yakikunjika, kilirudishwa kupita kiasi. Yakidumu lakini yakivuta nywele, kosa ni la kinoo, na dawa yake ipo. Hivyo hukumu ya wembe haisemi tu kwamba huu ni mzuri na huu ni mbaya. Husema pia ni nani aliyekosa, mfuaji au mnoaji, na kama kosa laweza kurekebishwa.

Nani hakimu?

Hapa ndipo tunapofikia jambo tulilotaka kulisema. Majaribio matano ya kwanza yote yamo mikononi mwa mwenye wembe. La mwisho halimo. Wahenga waliposema kinyozi hajinyoi, walisema neno la kweli juu ya ufundi pia: mshika wembe hasikii kile kinachosikiwa na ngozi. Husikia mlio wa nywele zikikatika, huona povu likiondoka, na akatoka na sifa zake kamili ilhali aliyenyolewa ana michubuko.

Desturi za pwani ziliweka jaribio hili mahali pazito. Mtoto mchanga hunyolewa katika akika, aghalabu siku ya saba, na katika familia nyingine siku ya arobaini. Mtoto huyo hana ulimi wa kulalamika, lakini ana kilio, na mbele ya bibi zake kilio hicho ni hukumu isiyokatiwa rufaa. Katika jando wembe au kisu cha ngariba kiliaminiwa mwili wa kijana. Bara, kwa Wamakonde, nembo za usoni na kifuani zilichanjwa kwa chuma kidogo kikali na kupakwa makaa yaliyosagwa. Na vinyago vya mapiko hutiwa nywele za kweli, zilizotoka katika vichwa vya watu. Mahali popote makali yalipohitajiwa palikuwa na mtu wa kuyapokea mwilini, na jamii nzima ikiangalia. Mhunzi aliyetoa wembe mbaya hakuhitaji kuandikwa gazetini.

Lakini watu wa Afungi walinyolewa pia na wasioangaliwa na yeyote. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kwamba milki ya Sultani wa Unguja ianzie mto Minengani, katika ghuba ya Tungi. Mreno hakukubali. Februari 1887 aliupiga mizinga mji wa Tungi na Minengani, akaichukua ghuba yote kutoka kwa Sayyid Barghash. Mwaka 1894 Mjerumani akaikalia Kionga, kaskazini kidogo. Mwaka 1916 Mreno akaitwaa. Kati ya 1891 na 1929 nchi hiyo iliwekwa chini ya Kampuni ya Niassa, iliyotoza kodi ya kibanda na kupeleka watu katika kazi za shokoa. Mipaka hiyo ilichorwa na watu walioona makali yao kuwa safi, maana hawakuyasikia. Ukimwona mwenzio ananyolewa, chako tia maji, twawafundisha watoto. Wenyeji wa ghuba ile hawakupewa hata nafasi ya kutia maji.

Wembe usiohukumiwa

Mapinduzi makubwa ya wembe yalikuja bila mizinga. Mwaka 1901 King Camp Gillette alianzisha kampuni yake huko Boston, Marekani, na mwaka 1904 akapata hataza ya wembe mwembamba unaotumiwa kisha ukatupwa. Katika mwaka wake wa kwanza wa biashara, 1903, aliuza vishikio 51 na nyembe 168. Vita vya kwanza vya dunia vilipowafikia Wamarekani, jeshi lao liligawiwa vishikio vipatavyo milioni tatu na nusu. Baadaye nyembe za namna hiyo zilifika katika kila duka la kijiji cha Afrika ya Mashariki, zimefungwa katika karatasi.

Faida yake ni kubwa, wala hatuwi wajinga wa kuikana. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walipotambuliwa mkoani Kagera, na ikafahamika kwamba ugonjwa huo hupita katika damu, wembe mmoja uliotumiwa kwa vijana wengi jandoni uligeuka hatari. Tangu hapo jaribio jipya limewekwa mbele ya yote: je, ni safi, na ni wa mtu mmoja? Wembe wa karatasi hulipita jaribio hilo kwa senti chache, na mwalimu wa afya anayelisisitiza anaokoa maisha.

Hata hivyo kuna kilichopotea. Wembe wa kutupa hauna haja ya kuhukumiwa. Ukiwa mbaya hutupwa, ukachukuliwa mwingine, na aliyeutengeneza hapati habari. Mnyororo uliomfunga mhunzi na kinyozi, na kinyozi na mtoto wa akika, umekatika. Pamoja nao yamekatika maneno ya kutofautisha kosa la moto na kosa la kinoo.

Neno kwa walimu

Hali ya Afungi leo hutufanya tuharakishe. Mwaka 2010 gesi nyingi iligunduliwa chini ya bahari mbele ya pwani hiyo. Rasi ikachaguliwa kuwa mahali pa mitambo, na kuanzia 2019 familia za kijiji cha Quitupo, au Kitupo, zilihamishiwa kijiji kipya cha Quitunda. Kabla ya hapo, tarehe 5 Oktoba 2017, vita vilikuwa vimeanza Mocímboa da Praia. Na tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa, watu wakauawa, na maelfu wakakimbia kwa miguu na kwa mashua. Katika vita hivyo visu na mapanga yametumika kuchinja watu. Pwani iliyoujua wembe kuwa chombo cha kumpokea mtoto duniani, sasa ina watoto wanaoogopa kila chuma king'aacho.

Fidia huhesabu minazi, mashamba na nyumba. Haihesabu ujuzi wa jicho linaloitambua manjano ya nyasi kavu, wala masikio yanayojua mlio wa chuma chenye ufa. Ujuzi wa namna hiyo hukaa katika ujirani: mfuaji awe karibu na mnoaji, na wote wawili wawe karibu na wale watakaonyolewa. Ukiwatawanya, kila mmoja hubaki na kipande kisichofaa peke yake.

Sisi hatuwezi kurudisha vijiji. Tuwezalo ni kuyaokoa maneno. Twawashauri wanachama wetu, hasa walio Mtwara, Lindi na Kilwa, ambako wahamiaji kutoka ng'ambo ya Ruvuma wamekuwa wakipokewa kwa vizazi vingi, wawatume wanafunzi kwa wahunzi na vinyozi wazee waliobaki, wakaandike majina ya sehemu za wembe, ya aina za chuma, ya rangi za moto na ya kasoro za makali, katika Kiswahili na katika Kimakwe, Kimwani na Kimakonde. Wasiulize tu jinsi wembe unavyofuliwa. Waulize pia ulivyojaribiwa, ni nani aliyesema umefaa, na ni nani aliyekuwa na haki ya kuukataa. Na wanapofundisha historia ya mikataba na mipaka ya pwani hii, wawaulize wanafunzi swali hilo hilo.